Papai Nililokuwekea Mguuni

Mwanangu Siti,

Assalamu alaikum. Desturi ya barua ni kuanza kwa kusema kwamba sisi huku hatujambo na twataraji nawe huko u mzima. Lakini wewe bado hujaondoka. Umevuka kwenda Wasini kumuaga nyanyako na utarudi kabla ya Magharibi, nami nimekaa hapa mezani na kalamu ya kuazima, namsikia mamako chumbani akizipiga pasi nguo zako. Kwa hivyo hiyo ya kusema hatujambo naiacha. Mimi sina raha. Nina wasiwasi ulioninyima hata chakula cha mchana, na wanijua mimi na chakula.

Hii si barua ya kusomea ndani ya basi. Nataka uisome leo, ukishavua viatu tu. Habari za sweta, za kutolala dirisha wazi, za kutokula vya njiani, mamako amekwisha kuzisema mpaka paka wa nyumba anazijua, kwa hivyo mimi siziongezi. Langu ni moja. Nadhani kidonda cha mguuni kimefunguka tena, nadhani wajua, na nadhani umenyamaza ili kesho usikose kwenda chuo.

Haya, nimelisema.

Usiniulize nimejuaje. Tangu wiki iliyopita wavaa soksi ndefu. Hapa Kikoneni, kwa jua hili, hata askari wa chifu havai soksi. Juzi ulipoinama kuteka maji kwenye pipa ulisimama kwa mguu wa kulia mwili mzima, wa kushoto umeuning'iniza tu. Na jana ulipopita na chai nilisikia harufu. Mimi nimefanya kazi ya jikoni tangu sijaoa, pua yangu ndiyo iliyonilisha na kukulisha wewe. Ile harufu naijua, nzito, yenye utamu mbaya ndani yake. Nilitoka nje nikajifanya natafuta jembe. Mamako akaniuliza jembe la nini saa hizi.

Leo asubuhi nilijaribu kukuuliza.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Na mguu je?”

“Mguu nao wakuamkia, baba. Wasema shikamoo.”

Nikacheka, kwa sababu ulichekesha, na swali likapita. Hapo ndipo ulipo ugonjwa wetu sisi wawili: tukiogopa, twafanya mzaha. Zamani ningekukamata nikakukalisha kigodani nikakutazama huo mguu. Tangu ulipokuwa mtu mzima siwezi. Si haramu, najua, mimi ni babako. Ni aibu tu ya kwetu, ya baba kumwambia binti yake mkubwa funua mguu nione, na aibu hiyo umeifahamu ukajificha nyuma yake. Mimi nami nimekuacha ujifiche wiki nzima, kwa sababu nilikuwa sitaki kuona.

Ulikuwa mdogo yalipoanza, na mengi yalikupita ukiwa na homa, kwa hivyo acha niyaseme kama nilivyoyaona mimi.

Ulianguka kutoka kwenye kerea ya baiskeli ukitoka shule, mfupa wa muundi ukavunjika na kutokeza nje ya ngozi. Walikutia chuma cha kuushika mfupa, na mfupa ukashika vizuri kabisa. Kidonda ndicho kilichokataa. Kilikuwa kikifunga, tukishukuru Mungu, kisha kikatoboka palepale na kutoa usaha. Ulipewa vidonge vya rangi mbili, kisha sindano, kisha vidonge vyeupe vikubwa ambavyo mamako alikuwa akivivunja kwa kijiko. Kila dawa ilifanya kazi mwanzoni. Homa ikashuka, usaha ukapungua, ukala, ukacheka. Ukimaliza dozi haupiti muda kimerudi. Mamako alisema dawa za siku hizi hazina nguvu. Mimi nilisema wewe wazitema. Nilikuwa nikikusimamia umeze, kisha nakupanua mdomo kutazama chini ya ulimi kama mtu anayenunua ng'ombe. Ulikuwa umezimeza zote, masikini, na mimi nilikuwa nikikuita mwongo.

Sasa nikupeleke jikoni Diani. Wewe waijua hoteli ile kwa nje tu, kwa mikate niliyokuwa nikikuletea siku za ofu, nikiwa na mapumziko. Wageni wapenda pweza laini, na pweza akitoka majini huku kwetu ni mpira. Wengine humpiga juu ya jiwe. Sisi tulikuwa twamlegeza kwa papai. Wachukua papai bichi, walikuna, wampaka pweza pamoja na ule utomvu mweupe, wamwacha kidogo. Mpishi mkuu aliyenifundisha kazi alikuwa na amri moja ambayo ukiivunja alikuwa akikutoa jikoni kwa mwiko: papai likishapakwa, jiko liwe limewaka tayari. Alikuwa akisema papai halipiki. Hulegeza tu. Na nyama iliyolegezwa ikiachwa bila moto huharibika upesi kuliko ile iliyokuwa ngumu. Amri hiyo nimewafundisha vijana wengi, na siku hizo ukiniamsha usingizini ningekutajia.

Aliyenitia wazo alikuwa Mutua, mkata nyama wetu, yule Mkamba ambaye wazazi wake walipewa shamba kule Shimba Hills. Nilikuwa nikimsimulia habari za kidonda chako, jinsi kilivyokuwa na kitu cha manjano juu yake, kama ngozi ya maziwa, kisichotoka hata ukikiosha kwa maji ya chumvi.

“Mzee Bakari, si wewe ndiye bingwa wa papai hapa?” akaniambia. “Hiyo kitu ya juu papai inakula yote. Hata kwetu tunaweka.”

Nikajiona mjinga kwa kutofikiria mwenyewe. Siku ya ofu nikaja nyumbani na papai chini ya kwapa. Nilichemsha maji, nikakuosha, nikalikuna papai kwenye kitambaa safi, nikakufunga. Ulilia kwamba lawasha. Nikakwambia vumilia. Nikamwonyesha mamako jinsi ya kufanya nikiwa kazini, naye akafanya kwa uangalifu wake wote.

Nililolikuta niliporudi nalikumbuka kama jana. Ile ngozi ya manjano ilikuwa imelegea, ikatoka na kitambaa, na chini yake pakawa na nyama nyekundu inayong'aa. Harufu imekwisha. Mamako alilia kwa furaha. Jirani wakaja kutazama, wakaanza kuniita daktari wa papai, nami sikuwakataza. Niliona raha, Siti. Nilitembea kijijini kifua mbele, na hata msikitini nilikaa safu ya mbele, mimi ambaye kawaida yangu ni karibu na mlango.

Wakati huo ulikuwa bado na kapsuli za hospitali, na zilikuwa zikikukata tumbo. Chakula chote kilikuwa kikirudi. Nikatazama kidonda, chekundu, kisafi, nikatazama uso wako ulivyokonda, nikasema basi, tumpumzishe mtoto. Zilizobaki nikazitia kwenye kopo la mafuta ya kupikia nikaliweka juu ya kabati, ziwe akiba akiugua mtu siku nyingine. Nyumba nyingi huku kwetu zina kopo kama hilo. Twaona ni uangalifu.

Yaliyofuata mamako hunikumbusha kila Idi, na ana haki. Ilikuwa zile mvua za El Niño. Homa ilikupanda alasiri moja ghafla, meno yakigongana, ukawa wanena maneno yasiyo na mbele wala nyuma. Barabara ya kwenda Msambweni ilikuwa imekatika, gari haliji. Tulikulaza kwenye kitanda cha kamba, wanaume wa hapa wakakubeba mabegani wakipokezana, maji yakiwafika mapajani, nami nikishika kichwa chako kisilowe. Njia nzima nilikuwa nikijiambia kwamba si kidonda, ni malaria, maana kidonda nilikiona kwa macho yangu kimepona.

Hospitalini tulipokelewa na daktari kijana wa kutoka bara, Daktari Wairimu. Alitazama mguu, akakutia dripu, kisha akaniita kando.

“Mzee, kidonda mlikuwa mnakiwekea nini?”

“Papai.”

“Na zile dawa za kumeza?”

“Tulimpumzisha kidogo.”

Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Alinipeleka kwenye mtungi wa maji ulioko mwisho wa wodi, akaniambia nitie mkono ndani nipitishe kidole ukutani.

“Unasikia nini?”

“Utelezi.”

“Mkisuuza mtungi, huo utelezi unatoka?”

“Hautoki mpaka usugue.”

“Basi hivyo ndivyo mguu wa binti yako ulivyo. Wale bakteria hawaelei tu mmojammoja. Wameshika kwenye chuma na kwenye kipande cha mfupa kilichokufa, wakajifunika kwa utando kama huo. Dawa inaua walio nje. Walio chini ya utando haiwafikii vizuri, wanakaa wakingoja. Dozi ikiisha wanatoka.”

Nikamuuliza papai basi liliharibu nini, maana nyama niliiona nyekundu. Akaniambia ndani ya papai mna kitu kiitwacho kimeng'enya, kazi yake ni kukatakata vitu kama ule uchafu uliogandamana, na kwamba hata madaktari wana vimeng'enya vyao vya kusafishia vidonda. “Lakini kimeng'enya hakiui bakteria, mzee. Ulibomoa nyumba yao wakatoka mbio, na wewe ulikuwa umemwondoa mlinzi mlangoni. Wakaingia kwenye damu.”

Nilisimama pale na mkono unaodondosha maji. Amri ya jikoni kwangu, neno kwa neno, na mwanangu ndiye aliyekuwa amelala nyuma yangu. Sikumwambia daktari. Ningemwambiaje? Kwamba pweza wa wageni nilikuwa namwangalia vizuri zaidi?

Sitaki ufikiri alinipa jibu lililonyooka. Nilipomuuliza kama tungeyaweka yote mawili, papai na dawa, ungepona, alisema labda hali isingefika hapo, ila si papai la jikoni, lina vijidudu vyake, na chuma kilikuwa bado ndani. Akasema hata hao wenye maabara kubwa bado wanajaribu, na kwamba kimeng'enya kinachomaliza utando ndani ya kisahani cha kioo, mguuni mara nyingine hakifui dafu. Nilimpenda kwa hilo. Mtu anayejua na akasema hajui yote hunituliza kidogo.

Walitoa chuma, wakakwangua mfupa uliokufa, wakakupaka dawa yao ya kimeng'enya kwa kipimo huku dripu ikiingia, na baadaye vidonge kwa muda mrefu mpaka ukavichukia hata kwa jina. Safari hii hakikubaki kimoja kwenye kopo. Ulipopata nguvu ya kukaa, ulimuuliza daktari swali ambalo sikujua kama mtoto wangu aweza kuuliza: “Hicho kimeng'enya chajuaje huu ni utando na hii ni nyama yangu?” Akacheka, akakwambia swali hilo ukalisomee. Nawe ukalishika. Leo wenda kusomea kazi ya maabara kwa sababu ya kidonda hicho, na kidonda hichohicho ndicho kinachotaka kukuzuia. Nikilifikiria hilo hukasirika, na sina wa kumkasirikia.

Miaka hii nimejiuliza sana mpishi asahauje amri aliyoifundisha wengine. Haikuwa ujinga. Nilikuwa nimechoka kuogopa. Kwa muda mrefu nilikuwa nikilala na kuamka na mguu wako kichwani, na siku ile kidonda kilipong'aa nilitaka mtu aniambie yamekwisha. Hakuna aliyeniambia, nikajiambia mwenyewe. Nikizitazama soksi zako naona kitu hichohicho. Umechoka, na chuo kiko mbele yako, na ukikifunika kidonda waweza kupata siku chache za kuwa msichana kama wengine. Siwezi kukulaumu. Ningependa sana kukulaumu, ingekuwa rahisi kwangu.

Leo niliposema nakwenda kwa fundi viatu, nilikwenda Msambweni. Daktari Wairimu bado yupo. Amenenepa kidogo, na Kiswahili chake siku hizi kimekaa sawa. Nilimweleza.

“Mlete kabla hajapanda basi,” akasema.

“Na kama ni kitundu kidogo tu?”

“Kwa juu huwa ni kidogo kila mara. Nikimwona ndiyo nitajua.”

“Akienda, akamaliza muhula huu, kisha akaja kwako?”

Aliweka kalamu chini. “Mzee Bakari, mara ile nilipata mfupa mzima wa kuacha baada ya kukwangua. Sitaki nifike mahali nikikwangua nisibakishe kitu.”

Nikamuuliza kama maana yake ni kukukata mguu. Aliniuliza kama nimekula. Nimerudi nyumbani sikumbuki nimepita wapi.

Sitakudanganya kuhusu upande wa pili. Akikuta kimerudi, huenda ukalazwa, dripu tena, vidonge tena, na chuo kinafunguliwa Jumatatu. Nafasi yako yaweza kupewa mwingine. Najua ulivyoingoja, najua barua ya kuitwa ilivyokuja ukaisoma umesimama nje kwa sababu uliogopa kuifungua mbele yetu. Huenda pia akakuta si kitu, ngozi tu imechubuka, akatucheka sote wawili. Natamani iwe hivyo mpaka kifua chauma. Lakini mara ile nilitamani vilevile, na kutamani kwangu hakukushusha homa.

Ningeweza kumwambia mamako sasa hivi. Yuko nyuma ya ukuta huu. Angelificha sanduku chini ya kitanda akalalia yeye juu, na kesho ungepelekwa hospitali utake usitake. Nimelifikiria hilo tangu niliporudi, na mara mbili nimenyanyuka kwenye kiti. Kinachonirudisha ni kwamba mguu huu umekuwa wa kila mtu isipokuwa wewe. Mimi nilikupaka papai, mimi nikakukatiza dawa, mimi nikakupanua mdomo. Wengine wakakubeba, wengine wakakupasua. Wewe ulikuwa ukiambiwa tulia, vumilia, meza. Na sasa una umri wa kupanda basi peke yako kwenda Nairobi, kwa hivyo una umri wa kuamua hili pia, ingawa kusema hivyo kwanitia baridi.

Basi la kutoka Mombasa ni la usiku, na hospitali hufunguliwa asubuhi. Kuna nafasi katikati, kama utaitaka. Ukisema twende, nitakuwa kibarazani alfajiri, na atakalosema daktari tutalisikia pamoja, mimi nikiwa nyuma ya pazia ukitaka niwe nyuma ya pazia. Ukisema hatuendi, nitakusindikiza kama nilivyoahidi. Lakini nikirudi nitamwambia mamako, kwa sababu hofu hii siwezi kuibeba peke yangu, nawe usinikasirikie kwa hilo.

Nikiyasoma haya niliyoandika naona kuna neno moja ambalo miaka yote hiyo sikukuuliza. Nilikuuliza kama umemeza. Nilikuuliza kama kimekauka, kama chatoa usaha, kama umekigusa kwa mkono mchafu. Hili sikuliuliza, maana niliogopa jibu lake. Njoo unijibu kwa kweli, bila mzaha.

Wauma, mwanangu?

Babako,
Bakari